Kuugua, Kuuguliwa na Kuuguza

Lugha ni ghala ya akili za watu walioisema kabla yetu. Neno moja likichunguzwa vyema, aghalabu huonekana ndani yake mafunzo ambayo wazee hawakupata kuyaandika. Katika kazi yangu ya kufundisha Kiswahili nimependa kuyatazama maneno matatu ya shina moja: kuugua, kuuguliwa na kuuguza. Kuugua ni kwa mtu mmoja, maana maumivu hayana ubia. Kuuguliwa ni kwa nyumba nzima, kama kufiwa kulivyo. Mtu asemapo, "Nimeuguliwa," hasemi kwamba yeye ni mgonjwa, bali kwamba yuko mgonjwa katika watu wake na ugonjwa huo umemfika naye. Kuuguza ni kutenda: kukesha, kulisha, kuosha, kumgeuza mgonjwa ubavu. Na katika neno hili la tatu ndimo lilimotoka jina la kazi, mwuguzi.

Basi kabla ya chuo, cheti na sare, mwuguzi alikuwa ndugu wa mgonjwa. Jambo hili ni la heshima, walakini lina hatari yake. Mtu aweza kudhani kwamba aliyeuguza nyumbani amekwisha kuwa mwuguzi. Kwa nini sivyo, nitaeleza kwa habari ya binti mmoja wa nyanda za juu za Kigoma.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu. Dada yangu aliolewa Kibondo, na binti huyo ni mtoto wake wa kwanza. Buha ni nchi ya vilima, migomba na maharage, na katika miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku hupenya mpaka mifupani. Ni nchi iliyouguliwa mara nyingi. Katika miaka ya 1930, kwa ajili ya malale yaenezwayo na mbung'o, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Kibondo kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya pamoja katika maeneo yaliyofyekwa. Mwezi wa Mei 2015, kipindupindu kiliwashika wakimbizi wa Burundi waliorundikana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kikaua watu zaidi ya 30. Wakimbizi wengi walipelekwa katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, na mwaka ule ule kambi ya Nduta ilifunguliwa tena wilayani Kibondo. Mtoto wa nchi hii hukua akijua kwamba ugonjwa waweza kuhamisha kijiji, na kwamba maji safi, sukari na chumvi, vikichanganywa kwa kipimo, vyaweza kumrudisha mtu aliyekwisha kuagwa.

Ugonjwa wa nyumba ya dada yangu haukuja kwa kishindo. Mama mkwe wake, bibi wa binti huyo, alikuwa na kisukari. Maradhi haya yakikaa mwilini miaka mingi bila kudhibitiwa, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Unyayo hufa ganzi, na mwenyewe hausikii mwiba wala moto. Nyumba ile haikuyajua hayo. Bibi alilalamika kwa Kiha kwamba miguu yake ni baridi, nao wakamhurumia. Kila jioni walimsogeza karibu na mafiga, wakamnyoshea miguu kwenye makaa. Binti alikuwa kidato cha pili, na siku nyingine hakwenda shule kwa kuwa zamu ya kukaa na bibi ilikuwa yake. Usiku mmoja alisikia harufu ya kuungua, akadhani ni chakula. Ilikuwa ngozi ya unyayo wa bibi. Na bibi mwenyewe alikuwa akisimulia hadithi, wala hakukatiza neno. Kidonda kile kilikataa kupona. Baada ya miezi kadhaa mguu ulikatwa chini ya goti.

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyepungukiwa na mapenzi. Moto ule uliwashwa na mapenzi.

Hospitalini, mwuguzi aliyekuwa akisafisha kidonda alimwomba bibi afumbe macho, akaugusa unyayo wa mguu uliobaki kwa ncha ya uzi mgumu, akamwambia aseme kila asikiapo. Bibi alikaa kimya. Binti, aliyekuwa akimfasiria bibi yake maneno ya Kiswahili, akaona kwa dakika moja jambo ambalo nyumba nzima haikuliona kwa miaka. Mwuguzi yule akamfundisha: tazama nyayo kila siku, pima joto la maji kwa kiwiko chako kabla hujamwosha, asikaribie moto, asitembee pekupeku. Binti aliyashika maneno hayo kama amana. Bibi aliishi miaka miwili zaidi, na mguu wake wa pili ulizikwa mzima.

Alipomaliza kidato cha nne, binti alisema anataka kusomea uuguzi. Ndugu wakakutana, nami nikaitwa kwa haki ya mjomba. Baba yake mdogo alipinga. "Huyu ameuguza tangu utoto," alisema. "Mwacheni apumzike. Ualimu una usingizi wa usiku." Neno lake halikuwa la kudharauliwa. Mgonjwa akiwapo nyumbani, daftari la kwanza kufungwa aghalabu ni la msichana, na kazi hiyo haiandikwi popote. Nikamwuliza binti kama kinachomvuta ni huruma. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akajibu, "Mjomba, huruma tulikuwa nayo sote. Tulichokosa ni kujua."

Jibu hilo lilinikumbusha habari ya Florence Nightingale, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1820. Mwaka 1845 alimwuguza bibi yake, kisha yaya wake wa zamani. Na mwaka ule ule akaomba ruhusa ya kujifunza katika hospitali ya Salisbury, wazee wake wakakataa. Yeye naye aliona kwamba kukaa kando ya kitanda kwa upole hakutoshi. Baada ya Vita vya Crimea, ambavyo aliviendea mwaka 1854, hesabu zake za vifo zilionyesha kwamba askari wengi zaidi waliuawa na maradhi kuliko majeraha. Mwaka 1860 chuo cha wauguzi chenye jina lake kilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London. Watu humkumbuka kwa taa aliyoishika. Ingefaa wamkumbuke pia kwa hesabu.

Baba mdogo alikubali, na shamba la muhogo likatoa karo. Binti alikwenda Kasulu, katika chuo cha uuguzi cha Kabanga, na huko amekutana na kemia, baiolojia, vipimo vya dawa na mitihani isiyouliza mtu amelia mara ngapi. Tena, kwa sheria ya mwaka 2010, hakuna afanyaye kazi ya uuguzi Tanzania bila kuandikishwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wako waonao kwamba mambo haya yanaipoza kazi ya moyo. Mimi naona ni heshima kwa mgonjwa, maana yeye hana njia ya kuupima moyo wa anayemshika, lakini jamii yaweza kuyapima maarifa yake.

Basi kuuguliwa humpa kijana swali, wala hakumpi jawabu. Anayeingia chuoni na swali lake mwenyewe husoma kwa namna nyingine, kwa kuwa kila ukurasa una mguu wa mtu anayemjua. Siku za likizo binti huyu hurudi Kibondo, na wazee wa jirani wenye kisukari huja kukaa kwenye mkeka, wakamnyoshea miguu ili aitazame. Nawe, msomaji, ikiwa una mzee mwenye maradhi hayo, usingoje alalamike. Mwombe akuonyeshe nyayo zake leo.