Chakubanga wa Mukendo

Uzee wa karatasi si ushahidi wa mkono. Huko Mukendo, mjini Musoma, kijana alimpelekea babu yake picha ya Chakubanga, mhusika aliyebuniwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Mnunuzi alikwishaamini kuwa ni mchoro wa asili.

Mzee akaiinua dirishani. Mchoraji huacha mistari hafifu ya penseli chini ya wino, na rangi nyeupe pale alipofunika kosa. Hapa hapakuwa na kosa hata moja; nyuma palisomeka nusu ya tangazo.

“Umri wake ni wa kweli, mjukuu wangu. Iuze kwa jina lake: kipande cha gazeti.”

Bei ikashuka, heshima ya nyumba ikabaki palepale.