Shimo la Kondo Kwanza

Kila alipofika kwenye zahanati, mkaguzi mmoja wa afya alizunguka nyuma ya jengo kabla ya kuingia. Cheti cha usajili alijua atakikuta: kimetiwa fremu, kimetundikwa mapokezi karibu na picha ya Rais. Yeye alitaka kuona shimo la kondo na kichomea taka.

Alianza kazi mwaka 1986, muuguzi mkunga wa hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imepiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara. Nje ya serikali, mgonjwa alibaki na hospitali za misheni na mashirika yaliyoidhinishwa. Mwaka 1991 sheria ikarekebishwa, na zahanati za watu binafsi zikachipuka kama uyoga. Miaka michache baadaye akahamishiwa timu ya afya ya wilaya, yenye gari moja la chanjo, rufaa na ukaguzi.

Kuna zahanati hajaisahau.

“Karibu mama, keti kwanza upate soda,” mwenye zahanati alimwambia.

“Asante mwanangu, nitakunywa tukimaliza. Nioneshe shimo la kondo.”

Mfuniko wa zege ulikuwa umepasuka, nzi wanaingia na kutoka. Sindano zilizotumika zilijazwa kwenye dumu la mafuta ya kula. Chumba cha kujifungulia kilikuwa na mtungi wa oksijeni. Alipofungua koki, mshale ulibaki kwenye sifuri. Vumbi la pale juu lilikuwa na alama za vidole vyake tu.

Alipendekeza ifungwe, ikafungwa. Wiki tatu baadaye mama wa kijiji kile alijifungulia njiani akiifuata hospitali ya wilaya. Mkaguzi haamini kwamba alikosea kuifunga. Alichokosea ni kutoandika wagonjwa waende wapi, na tangu siku hiyo hakuna taarifa yake ya kufunga kituo iliyokosa mstari huo.

Jambo jingine lilimuuma zaidi. Sheria ile ya 1977, hata baada ya kurekebishwa, iliwabana watu binafsi, ilhali zahanati ya serikali ingeweza kukosa maji miaka nenda rudi bila kuulizwa cheti. Kwa mama mwenye uchungu, mtungi mtupu ni mtupu, awe nani mwenye nao.

Ndiyo maana alifurahia upimaji wa vituo kwa nyota wa mwaka 2015, chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa. Safari hii zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya vilipimwa kwa kipimo kimoja, vya serikali na vya binafsi. Lengo lilikuwa asilimia 80 ya vituo vifikie nyota tatu ifikapo 2018. Katika duru ya kwanza vilifika takriban asilimia 2, na theluthi moja hivi vilipata sifuri.

Zahanati moja ya serikali aliyoipima ilikuwa kwenye sifuri hiyo. Haikufungwa. Aliketi na mganga mfawidhi hadi jioni wakiandika mpango wa maboresho, mstari wa kwanza ukiwa mfuniko wa shimo. Aliporudi duru ya pili, mfuniko mpya ulikuwepo. Maji yalikuwa bado yanabebwa kwa ndoo.