Mwaka Niliouomba

Ndugu vijana wa parokia zetu,

Kila mara matokeo ya Exetat yanapotangazwa, baadhi yenu hunijia na swali lile lile: "Tufanye mtihani wa kuingia kitivo cha tiba mwaka huu, au tungoje mwakani?" Wengi hutazamia niwajibu kwa neno moja. Neno hilo sina. Nilicho nacho ni habari ya mwaka mmoja nilioungoja mimi mwenyewe, na ya mtu aliyelipa gharama yake.

Nilimaliza masomo ya sekondari Kasugho mwaka 2018, katika sehemu ya kemia na biolojia. Diploma niliipata, ila asilimia zangu hazikuwa za kujivunia. Kemia tuliisoma ubaoni: mwalimu alichora chupa ya maabara kwa chaki, akachora na moto chini yake, nasi tukanakili. Hadubini niliijua kwa picha tu. Hata hivyo, nyumbani ilikwisha kuamuliwa kwamba nitasomea udaktari. Baba alikuwa ameuza kahawa na nguruwe wawili, akaweka kando fedha za safari ya Butembo, za kujiandikisha, na za kuanzia maisha mjini.

Tarehe 1 Agosti mwaka huo Serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Mangina, upande wa Beni. Mwezi Septemba ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika Butembo. Nikamwambia baba, "Baba, afadhali ningoje mwaka mmoja. Mjini kuna ugonjwa." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Uhai kwanza."

Majirani walinisifu kwa busara yangu. Leo naungama mbele yenu: Ebola ilikuwa sababu ya kweli, lakini haikuwa sababu yangu. Sababu yangu ilikuwa aibu. Niliogopa kurudi Kasugho nikiwa nimeshindwa, nipite sokoni na watu wanioneshe kidole. Ugonjwa ulinipa vazi la heshima la kuifunika hofu hiyo.

Basi, nikangoja. Asubuhi nililima maharagwe pamoja na mama, mchana nililala, jioni nilipiga soga barabarani. Madaftari ya kemia yalibaki sandukuni. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na shamba dogo la mikaratusi, ambayo baba aliipanda iwe akiba, kama wafanyavyo wazazi wengi wa kwetu. Mkaratusi ukiachwa unakua, na kila mwaka bei yake inapanda. Nadhani nilijihesabu kuwa mmoja wa miti ile.

Mwezi Desemba uchaguzi wa rais ulifanyika nchini, ila Beni na Butembo upigaji kura uliahirishwa hadi Machi 2019. Rais mpya akaapishwa Januari, kabla wenyeji wa huko hawajapiga kura. Tulilalamika sana, tukasema kwamba kura iliyoahirishwa namna hiyo ni kura iliyopotea. Nami nililalamika kwa sauti kubwa kuliko wengi, bila kuona kwamba mtihani wangu nilikuwa nimeuahirisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku moja ya Januari nilimsindikiza mama kwenye kituo cha afya. Muuguzi, mama wa makamo aliyenijua tangu utoto, akaniuliza, "Mwanangu, si wewe uliyeomba mwaka mmoja?"

"Ndiye mimi, mama."

"Umeufanyia nini?"

Sikuwa na la kujibu. Naye hakunikemea. Akasema tu, "Kesho njoo saa moja asubuhi."

Tangu siku hiyo nilikuwa mlangoni pa kituo, nikichanganya maji na klorini ya kunawia mikono, nikipima joto la wanaoingia, nikiandika majina yao daftarini. Jioni nilikwenda kwa mwalimu wangu wa zamani, tukafanya mazoezi mawili ya kemia au ya fizikia, si zaidi, lakini kila siku.

Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha walishambulia hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo, wakamwua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani kupambana na Ebola. Habari ilipofika kwetu, baba aliniita. Safari hii ni yeye aliyesema tungoje. "Au usome hapa hapa," akasema. "Kasugho tuna chuo kikuu kinachofundisha uhifadhi wa mazingira, na msitu wa Tayna wenye gorila uko karibu. Hiyo nayo ni kazi ya heshima."

Alisema kweli. Na kama Ebola ndiyo iliyonizuia mwaka uliotangulia, basi sasa nilikuwa na sababu kubwa zaidi, kwa maana Butembo na Katwa ndizo zilizoumizwa kuliko kwingine wakati ule. Usiku ule nililala nikijua kwamba swali la "lini" lilikuwa limeficha swali jingine: je, kazi hii naitaka, hata ikiwa hivi ilivyo? Asubuhi nilimweleza baba ukweli wote, pamoja na ile aibu. Nikamwomba aniruhusu niende.

Lakini fedha hazikuwa zimeningoja. Zilikwisha kwa matibabu ya bibi na mabati ya paa. Baba akaikata mikaratusi. Haikuwa imefikia unene wa kupasuliwa mbao, ikauzwa kama nguzo za kujengea, kwa bei ya chini sana. Shamba lile lilikuwa limetengwa kwa ajili ya mdogo wangu, aliyetakiwa kuanza sekondari. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Siku ya safari ni yeye aliyebeba mfuko wangu hadi kwenye pikipiki. "Yaya, ufaulu," akasema.

Nilifaulu, tena kwa shida. Karibu nami waliketi vijana walioshindwa mwaka 2018. Walijua namna maswali yanavyoulizwa, na kushindwa kwao kuliwafundisha zaidi kuliko usingizi wangu ulivyonifundisha mimi.

Ebola ile ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Sisemi kwamba kungoja ni kosa. Mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka aliketi kwanza, ila aliketi ili ahesabu gharama, hakuketi ili apumzike. Kwa hiyo, kijana unayetaka kungoja, jiulize utazifanyia nini siku hizo kuanzia kesho saa moja asubuhi. Jiulize ni nani nyumbani atakayezilipia. Mwishowe, andika tarehe ya kuacha kungoja, uikabidhi kwa mtu asiyeogopa kukuuliza.

Mdogo wangu sasa anasoma. Katika darasa lake yeye ni mkubwa kwa mwaka mmoja kuliko wenzake. Hajawahi kunilaumu, nami sijui nitamlipa kwa nini.