Nyingi au Nzuri?

Pale Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, swali la wateja wa vibanda vya kuingizia nyimbo ni moja tu: flashi hii inabeba nyimbo ngapi? Kijana wa kibanda hutaja idadi ya kufurahisha, na ili zote zienee anazibana. Wimbo wa dakika 4 kwenye CD huchukua takriban megabaiti 42. Ukibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, hubaki megabaiti 2 hivi. Kilichotupwa hapo hakirudi, hata ununue sabufa yenye taa za disko.

Anayeumia zaidi, kwa masikio yangu, ni Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na bendi ya Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, na aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Kwenye nakala iliyobanwa mno, gita lake la solo utalipata. Lakini gita la pili linalomjibu limefifia, na matoazi yanachakarika kama mchele kwenye ungo.

Nyumbani Kilosa tulikuwa na flashi yenye nakala nzuri za nyimbo zake, ila sabufa ilikaa konani, juu ya simenti, chini ya bati. Kona huvimbisha besi na kuta tupu hurudisha mwangwi. Kaka alitaka iende kwa fundi. Tukaivuta mbali na ukuta, tukapunguza besi, tukatandika mkeka, na spika ndogo tukazipandisha kwenye stuli hadi usawa wa masikio. Hatukutoa hata shilingi.

“Shemeji,” mke wa kaka akaniuliza, “huyu anayeitikia nyuma alikuwepo siku zote?”

Alikuwepo. Na bibi naye alikuwepo, kwenye kiti chake, akisimulia kwa sauti yake ndogo. Jioni ile ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tumezoea kumwambia “ee bibi” bila kumsikia. Siku hizi nikiona nyumba yenye kelele nyingi, najiuliza ni nani humo amefunikwa.

Wenye kanda za zamani uvunguni, zinakilini sasa, kabla ukungu haujazila. Hifadhini kwa FLAC, inayopunguza ukubwa wa faili bila kutupa sauti. MP3 za kugawia majirani mtazitoa humo wakati wowote. Kutoka MP3 kurudi nyuma, hakuna njia.