Siku Ishirini za Harambee Stars

Kwetu Section 58 ukiwataja Harambee Stars mbele ya baba, utaambiwa ukalale. Alikata tamaa nao kitambo. Basi Agosti 2025, tukiwa likizoni, CHAN ikaja Kasarani, kombe la wale wanaosakata ligi za nyumbani. Kenya haikuwa imewahi kushiriki, na tazama kundi tulilotupwa: Angola, Zambia, pamoja na DR Kongo na Moroko, mabingwa mara mbili kila mmoja. Lo!

Tarehe 10 tukakutana na Moroko. Ryan Ogam akafunga, halafu kabla ya mapumziko Erambo akala kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili tulikuwa kumi! Mama alihamia jikoni. Baba, ambaye eti alikuwa anapita tu, alisimama nyuma ya kochi, kofia mkononi, mpaka kipenga cha mwisho. Tuliongoza kundi bila kushindwa.

Tarehe 22, robo fainali, Madagaska walisawazisha, wakatutoa kwa mikwaju ya penalti, 4-3. Mtaa mzima kimya. Mimi nililia, sioni haya kusema. Baba alikaa sana, kisha akauliza, "Huyo Ogam huchezea klabu gani?"