Michezo iliyopita hewani: redio, kaseti na kompyuta za kwanza za nyumbani

Kuna wakati redio ilirusha michezo ya kompyuta. Si habari za michezo wala matokeo ya mpira. Mchezo wenyewe ulipita hewani kama sauti ya kukwaruza masikio, msikilizaji akaunasa kwenye kaseti, akaupeleka kwenye kompyuta yake na kuanza kucheza. Mtu asiyejua jambo hilo akiwasha redio wakati ule, alidhani stesheni imeharibika.

Jambo hilo lilifanyika Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia ya wakati ule, kuanzia mwaka 1983. Stesheni ilikuwa Radio Belgrade 202, kipindi kiliitwa Ventilator 202, na mtangazaji wake alikuwa Zoran Modli. Alikuwa akiwaambia wasikilizaji waweke kaseti tayari, kisha anaachilia ule mlio. Ndani ya mlio ule mlikuwa na michezo, masomo na habari kwa wenye kompyuta. Wasikilizaji wengine walirekebisha programu walizonasa, wakazirudisha kwa Modli, naye akazirusha tena hewani ili wengine wazipate. Uholanzi na Uingereza nako redio zilijaribu jambo kama hilo katika miaka ile.

Iliwezekana kwa sababu rahisi. Kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule hazikuwa na diski. Programu iliwekwa kwenye kaseti ya kawaida, ileile ya muziki, kwa mfano wa sauti nyembamba na nene zinazopishana upesi sana. Kompyuta ilisikiliza sauti zile na kuzigeuza kuwa namba. Basi, chombo chochote kinachobeba sauti kiliweza kubeba mchezo, na hakuna chombo kinachobeba sauti mbali kuliko redio. Shida ilikuwa moja: mlio ukichafuka kidogo tu, kazi yote imepotea. Wenye redio-kaseti hapa Kivu wanajua namna ya kusafisha kichwa cha mashini kwa pamba na alkoli. Watoto wa Ulaya wa miaka ile walifanya vivyo hivyo, wakapandisha na kushusha sauti mpaka mchezo ukubali kuingia.

Yugoslavia ilikuwa na shida yake zaidi. Sheria iliwabana watu wasiingize vitu vya bei kubwa kutoka nchi za nje, na kompyuta za Uingereza na Marekani zilikuwa ghali. Wengi walizipitisha mpakani kwa kificho. Mwaka 1983 fundi mmoja, Voja Antonić, alibuni kompyuta ambayo mtu angeweza kuiunga mwenyewe nyumbani. Aliona kwamba kile kipande cha bei kubwa kinachochora picha kwenye televisheni kinaweza kuachwa, na kazi yake ikafanywa na ubongo uleule wa mashini. Kompyuta iliitwa Galaksija. Michoro yake ilichapishwa mwanzoni mwa mwaka 1984 katika toleo la pekee la jarida lenye jina hilohilo. Hawakutazamia zaidi ya watu mia chache au elfu moja, lakini zaidi ya 8,000 waliagiza vifaa vya kuiunga.

Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo hata maneno ya kumwambia mtu amekosea yalipaswa kupunguzwa. Yalibaki matatu tu, na kwa Kiswahili tungesema: Nini? Vipi? Samahani.

Udogo huo ndio unaowashangaza watu wanaorudia michezo ya zamani leo. Kompyuta iliyopendwa sana Uingereza, ZX Spectrum, ilitoka mwaka 1982 na kubwa yake ilikuwa na kilobaiti 48 za kumbukumbu. Picha moja ya telefoni ya sasa inapita kiasi hicho mara nyingi. Hata hivyo, ndani ya nafasi hiyo kijana Matthew Smith, ambaye hakuwa amefika miaka 20, alitia mchezo mzima ulioitwa Manic Miner, mwaka 1983. Ni habari ya mchimbaji wa madini anayeitwa Willy. Anapita katika mapango 20, anaokota funguo, anaruka mitego, na hewa inazidi kupungua. Hewa ikiisha, Willy amekufa. Akiisha kufa mara tatu, mchezaji anarudi pango la kwanza. Hapakuwa na namna ya kuhifadhi pale alipofika.

Mwaka 1984, David Braben na Ian Bell walitoa Elite kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro yenye kilobaiti 32 tu. Mchezaji ni mfanyabiashara anayesafiri angani kutoka sayari hadi sayari, ananunua huku na kuuza kule, na wanyang'anyi wanamvizia njiani. Sayari zilikuwa 2,048. Hakuna kompyuta ya nyumbani ya wakati ule iliyoweza kuziandika zote, kwa hiyo haikuziandika. Waliweka hesabu inayoanza na namba chache, na kila ilipoanza upya ilizaa sayari zilezile, kwa majina yaleyale.

Mtu aliyekuwa mtoto mwaka 1984 sasa amepita miaka hamsini, au anaikaribia. Akiweka kwenye telefoni programu inayoiga mashini ya zamani, akafungua Manic Miner, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni ugumu. Zamani aliliruka pango la tatu bila kufikiri, leo anaanguka palepale. Mtoto wake akimwangalia anacheka, kwa sababu Willy ni vijinukta vichache vyenye kofia, na hakuna damu wala gari wala uwanja wa mpira. Kisha mtoto anaomba kujaribu. Baada ya nusu saa bado ameishika telefoni na hataki kuirudisha. Mchezo hauombi mtandao wala feza kila baada ya dakika tano, wala haumwonyeshi matangazo. Unachomwomba ni uvumilivu tu.

Lakini kurudia michezo hiyo kusingewezekana kama isingekuwa mikono mingi iliyoitunza, na hapo ndipo penye somo kubwa. Mwaka 2023 wachunguzi wa historia ya michezo ya video nchini Marekani walionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka huko kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena popote kwa njia ya kawaida. Wenye haki wamefunga kazi au hawajali. Iliyobaki hai imebaki kwa sababu kuna watu walioinakili.

Kunakili kulikuwa na ubaya wake, wala haifai kuficha. Kijana aliyekesha miezi akiandika mchezo hakupata kitu pale kaseti moja ilipozaa kumi darasani. Kwa hiyo makampuni yalitafuta kufuli. Jet Set Willy, mchezo mwingine wa Matthew Smith, ulitoka mwaka 1984 pamoja na kadi yenye alama za rangi. Mchezo ukianza, uliuliza rangi za sehemu fulani ya kadi, na aliyekosea alifungiwa nje. Mashini za kutoa kopi zilikuwa za nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kadi ilikuwa vigumu kuiga. Ila kadi ni karatasi. Aliyeinunua kwa haki akaipoteza wakati wa kuhama nyumba, naye alifungiwa nje sawa na mwizi.

Upande wa Yugoslavia, mambo yalikwenda vibaya kuliko hayo. Kuanzia mwaka 1991 nchi ilivunjika kwa vita, na watu wengi sana walikimbia makwao. Katika miaka hiyo ya 1990 Antonić mwenyewe alitupa kompyuta zake za Galaksija, akiamini kwamba hakuna atakayezihitaji tena. Baadaye moja ilionekana, na leo iko katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi na Teknolojia mjini Belgrade. Michoro ilikuwa imesambaa katika maelfu ya nyumba kwa njia ya jarida, na programu zilikuwa zimesambaa kwa njia ya redio. Ndiyo sababu hadi leo kuna vijana wanaounga Galaksija mpya kwa mikono yao. Aliyeibuni alikata tamaa nayo, lakini wale aliowagawia hawakuiacha ipotee.

Familia zilizokimbia Masisi na Rutshuru hazihitaji kuelezwa maana ya kuacha kitu nyumbani. Kuna albamu ya picha za arusi iliyobaki juu ya kabati, kaseti za kwaya, daftari la babu lenye majina ya ukoo, vyeti vya masomo. Vitu hivyo vilikuwa vimoja tu, mahali pamoja tu. Siku ya kukimbia, mkono mmoja ulishika mtoto na mwingine ukashika godoro, basi.

Leo hata katika nyumba ya kupokelewa mara nyingi hakukosekani telefoni moja. Picha iliyookolewa inaweza kupigwa picha tena na kutumwa kwa shangazi aliye Bukavu, kwa mjomba aliye Kampala, kwa ndugu walioko kambini Nyarugusu. Sauti ya nyanya akisimulia jinsi kijiji kilivyoanzishwa inaweza kunaswa jioni moja na kugawiwa kwa watoto wake wote. Haidai mashini ya bei, wala haidai kusubiri amani irudi kwanza. Telefoni ikiibiwa au kuzama mvuani, wengine watakuwa nayo.

Na jioni umeme ukiwepo na betri ikijaa, watoto watamwomba mkubwa awape Willy. Kilobaiti 48 hazijazi telefoni. Pango la tatu bado ni gumu.