Daftari la mjomba limemuumbua!

Kama umewahi kupita barabara ya Bagamoyo Jumamosi asubuhi ukamwona mzee wa miaka 63, bukta ya mpira, barakashia kichwani, anakanyaga Phoenix kama anakimbizwa na mgambo, basi huyo ni mjomba wangu. Usimcheke. Vijana waliomcheka pale Kiromo wakaamua kumfuata kwa baiskeli zao walifika Zinga ndimi nje, yeye keshapita zamani.

Mjomba alikuwa mvuvi. Bahari aliiacha mgongo ulipoanza kumsumbua, akakaa barazani, tumbo likaanza kuchungulia. Siku moja kwenye kijiwe cha kahawa akaona kwenye televisheni wazee wa Kizungu wanaogelea, wakitoka majini wanapanda baiskeli, wakishuka wanakimbia, vyote siku hiyo hiyo. Mchezo huo unaitwa triathloni, na kwenye Olimpiki uliingia mwaka 2000 kule Sydney: unaogelea kilometa 1.5, unaendesha 40, unamalizia kwa kukimbia 10. Mjomba akatikisa kikombe akasema, "Kuogelea najua, baiskeli ninayo, miguu yangu mwenyewe. Kimebaki nini?"

Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya mkewe. Mkaza mjomba wangu si mtu wa mchezo. Mwaka uliotangulia kaka yake mjomba alianguka shambani, kiharusi, na hakuamka. Basi mama akatoa masharti mbele yetu sote: Jumamosi baiskeli, Jumapili mbio, siku nyingine kaa nyumbani. Na siku mwili utakapoanza kurudi nyuma, au daktari akisema una presha, "hilo libaiskeli naliuza, na hela nanunulia kuku."

Mimi nikapewa kazi ya kutunza daftari. Nimemaliza fomu foo, mwandiko wangu unasomeka, na nina kitochi chenye saa ya kuhesabu. Malipo ni chai na mihogo. Mambo ya kuogelea hatukuandika, maana mle majini mjomba ni changu mtu mzima, na mkondo ukiamua kukubeba, saa haina la kusema. Tukaandika baiskeli na mbio.

Tulianza Julai ya mwaka jana. Kutoka kwao Bagamoyo hadi Mapinga kwa binti yake, saa 1 na dakika 52. Agosti 1:49. Oktoba 1:44. Desemba 1:39, na Januari mzee akapiga 1:37! Dakika 15 zimekatika kwa miezi sita. Nilitembea na lile daftari kijiweni kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mjomba mwenyewe akaanza kunihadithia habari za Filbert Bayi, jinsi redio ilivyotangaza mwaka 1974 kwamba Mtanzania amevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch kwa dakika 3 sekunde 32.2, na jinsi watoto wote wa pwani walivyoshinda mchangani wakijiita Bayi. Nikaona sasa mzee anajiweka daraja moja na Bayi, nikanyamaza.

Kawaida yake ilikuwa akifika Mapinga analala kwa bintiye hadi jioni, kisha anarudi polepole bila kupimwa. Jumamosi moja ya Januari binti hakuwepo, mlango umefungwa. Mjomba akageuza papo hapo, akanipigia nimhesabie na kurudi. Nikakaa namsubiri. Saa 1 na nusu, hajatokea. Saa 1 na dakika 50, hakuna mtu. Nikaanza kuwaza mabasi yale yanavyokimbia. Akaingia kwa saa 2 na dakika 6, hoi.

"Pancha?" nikamuuliza.

"Pancha ya nini? Kaskazi hiyo."

Basi wee! Nilijiona mjinga wa mwisho. Mimi ni mtoto wa Bagamoyo, nimezaliwa nasikia majina ya pepo hizi, na sikuwahi kuziweka kwenye daftari. Barabara kutoka Bagamoyo kwenda Mapinga inaelekea kusini mashariki. Julai na Agosti ni kusi, na kusi inakupiga usoni tangu Bagamoyo mpaka unafika. Ikiingia Desemba na Januari ni kaskazi, nayo inakuja ubavuni na kukusukuma mgongo. Kumbe zile dakika 15 nyingi hazikuwa za miguu ya mjomba. Upepo ulikuwa umepanda nyuma kwenye kerea, na mimi nikawa namsifu dereva.

"Mjomba, na wewe ulikuwa unajua?"

"Nimevua miaka 35, nisijue upepo? Nilikuona umefurahi nikasema nisikuharibie."

Hapo ndipo ningetakiwa kumjua vizuri mzee huyu. Ukimpa namba inayompendeza anaibeba, hata kama anajua si yake.

Nilipotazama na kurasa za mbio nikakuta mambo ni yale yale. Jumapili saa 4 asubuhi alikuwa anakimbia ufukweni kutoka soko la samaki hadi inapoanza mikoko upande wa Kaole. Wiki hii dakika 29, wiki ijayo 35, ya tatu 29 tena. Nilikuwa nimeandika pembeni "leo mvivu", "leo kaamka vizuri". Kumbe ni maji! Kupwa na kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kwa siku saba inafika karibu saa 6, na huo ndio umbali wa kutoka maji kupwa hadi maji kujaa. Jumapili moja anakimbia kwenye mchanga mgumu uliolowa, inayofuata bahari imempandisha juu kwenye mchanga mlaini, miguu inazama. Mvivu alikuwa mimi niliyeandika bila kuangalia chini.

Tukaanza upya. Alfajiri kabla upepo haujaamka, kwenda na kurudi, vyote vinaandikwa, na safu mpya ya upepo. Usidhani kwenda na kurudi kunafuta upepo, maana dakika anazokupa akikusukuma ni chache kuliko anazokunyang'anya akikukabili, kwa kuwa ukimkabili unakaa naye muda mrefu zaidi. Kaskazi ilinganishwe na kaskazi, kusi na kusi. Mbio zikawa za wiki mbili mbili, ili maji yalingane.

Kwa hesabu hizo mpya mjomba alikuwa ameongeza nini tangu Julai? Kidogo sana. Akanywea. Nikatafuta wa kumtia moyo, nikampata Mfaransa mmoja, Robert Marchand. Babu huyo mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha baiskeli kilometa 24.25 kwa saa moja. Wataalamu wakampangia mazoezi, sehemu kubwa mepesi, machache makali, kilometa kama 5,000 kwa mwaka. Mwaka 2014, miaka 102, akaendesha 26.927, na vipimo vya maabara vilionyesha uwezo wa mwili wake kutumia hewa umepanda kwa asilimia 13. Umri ule! Tena ni uwanja wa ndani, hakuna kusi wala kaskazi. Alipofika miaka 105 akapata 22.547, ameshuka, nayo ikaandikwa. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja tu: "Mkewe alimruhusu?"

Kuanzia Februari tukaongeza mapigo ya moyo. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, asubuhi kabla hajainuka kitandani, dakika nzima. Moyo ukipata mazoezi husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo ukiwa umepumzika hupiga mara chache. Upepo nao hauwezi kuingia chumbani kumpunguzia mtu mapigo, nikasema safari hii hatudanganyiki. Februari 78. Machi 76. Aprili 74. Taratibu, kama inavyotakiwa.

Mei, ndani ya wiki moja, 60.

Nilishangilia, bwana! Nikakoleza kwa kalamu nyekundu. Lakini Jumamosi iliyofuata kuna kitu hakikukaa sawa. Zamani akirudi amekaza mwendo nilikuwa namhesabia mapigo 140 hivi. Siku ile 106, na huku anahema kama mvukuto wa mhunzi, na muda umekuwa mbaya kuliko wa Aprili. Moyo unasema ametembea, mapafu yanasema amekimbizwa. Nani mwongo?

Jibu nilikutana nalo bila kulitafuta. Tairi ya nyuma ilikuwa imelegea, nikafungua kile kimfuko nyuma ya siti nitoe pampu. Pamoja na pampu, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na vidonge. Atenolol. Dawa hiyo ni ya presha, na kazi yake mojawapo ni kupunguza mapigo ya moyo, ukiwa umelala na hata ukiwa unakimbia. Ile kalamu yangu nyekundu ilikuwa imemsifu kidonge.

Mjomba akaniona nimeshika. Hakukasirika. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Funika, mjomba." Maana na yeye huniita mjomba, ndivyo tulivyo pwani. Alikwenda hospitali peke yake, akaambiwa presha 170 kwa 100, akapewa dawa. Daktari hakumwambia kuhusu baiskeli, mkewe hakumwambia kuhusu daktari. "Ataiuza," akasema. "Nikikaa barazani mimi nitakufa haraka kuliko kaka."

Wiki mbili sikujua nifanye nini. Niliandika muda tu, safu ya mapigo nikaiacha tupu. Usiku nilikuwa namwona marehemu yule shambani. Nikimsema, namnyang'anya mzee kitu pekee kinachomwamsha. Nikinyamaza, siku akidondoka pale Kerege daftari lenye mwandiko wangu litakuwa linajua, na mimi nilijua. Mwisho nikamwambia: ama twende wote kwa daktari umwambie unaendesha na kukimbia, ama kalamu hii tafuta mwingine. Kanuna wiki nzima. Nikimwamkia shikamoo anajibu marahaba kama anatema mbegu ya ndimu.

Tulikwenda. Daktari akasikiliza, akauliza kama anapata maumivu ya kifua au kizunguzungu, akampima, akasoma daftari letu ukurasa kwa ukurasa. Akasema dawa asiiache kwa kujiamulia, hasa si kuikatisha ghafla. Baiskeli aendelee nayo, inamfaa mwenye presha, ila asishindane na watoto wa Kiromo. Kuhusu mapigo, akasema hesabu zetu za zamani zizikwe. Hata ile kanuni ya kutoa umri kwenye 220, ambayo ingempa mjomba 157, ni ya makadirio tu, na kwa mtu anayemeza atenolol haina kazi. Apime kwa mdomo: awe anaweza kuongea akiwa anaendesha lakini asiweze kuimba. Presha siku hiyo ilikuwa 138 kwa 84. Nikamuuliza, sasa hiyo ni kidonge au ni baiskeli? Akacheka, akasema vyote viwili hushusha, na yeye hajali nani kafunga goli.

Jioni mjomba akamwambia mkewe, mbele yangu, mkono unatetemeka. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Lete hilo daftari, unisomee. Tangu mwanzo."

Nikasoma. Tarehe, siku, muda, upepo, maji. Alikuwa anapeta mchele, hata hanitazami. Nikafika Agosti, nikasoma Jumatano moja, kwenda Mapinga saa 1 na dakika 47. Ungo ukasimama.

"Jumatano?"

Mjomba akaanza kukohoa.

"Jumatano hiyo si uliniaga unakwenda mazikoni Kerege?"

Kumbe siku za Jumatano zilikuwa za wizi, na mimi nilikuwa naziandika kwa mwandiko mzuri kabisa, napigiwa simu tu! Tulihesabu mazishi saba kati ya Agosti na Machi. Mama anasema mengine alimpa na hela ya rambirambi.

Baiskeli haikuuzwa. Ila ufunguo wa kufuli sasa uko kwenye pindo la kanga yake, na alfajiri ya Jumamosi mjomba anameza kidonge mbele yake ndipo anafunguliwa. Wiki iliyopita alikwenda na kurudi, kusi hafifu, anaongea njia nzima lakini haimbi. Daftari limeongezwa safu ya dawa. Na kwa amri ya mkaza mjomba nimechora safu nyingine moja pembeni, juu yake nimeandika "Mazishi".